Vifo vya Uzazi: Kuhesabu Si Kazi ya Karani Peke Yake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka kijijini, hata kama mali yake yote ni magunia mawili ya sukari na katoni moja ya sabuni, ana daftari lake chini ya meza, na jioni akishafunga mlango huketi akaandika. Karani wa chama cha ushirika aweza kukuambia pamba ya msimu uliopita ilikuwa kilo ngapi, na ya nani ilikuwa chafu. Lakini umwulize mtu yeyote katika kijiji hicho hicho: mwaka jana ni akina mama wangapi wa hapa waliofariki kwa sababu ya uzazi? Utajibiwa kwa watu, si kwa hesabu. Utatajiwa mke wa fundi baiskeli, na binti fulani aliyerudi kwao kujifungua mimba yake ya kwanza. Watu hao waliombolezwa na kuzikwa kwa heshima zote, lakini aghalabu hawakuandikwa popote, au waliandikwa katika karatasi ambayo haikumfikia mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo.

Wataalamu wa afya huiita kazi ya kuandika na kupima mambo haya ufuatiliaji na tathmini. Jina hilo lina ukavu wa ofisini, na hapana shaka wapo wasomaji ambao wakiliona tu hukimbilia ukurasa wa michezo. Tunawaomba wasubiri kidogo. Katika nchi zinazoendelea kuna mahali ambapo kuhesabu kumeokoa roho za akina mama waziwazi, na kuna mahali ambapo kumekuwa ni kujaza fomu ili mradi fomu zijae. Tofauti ya mambo hayo mawili yafaa ijulikane hata na mtu asiyevaa koti jeupe, maana mke ni wake, na dada ni wake.

KIFO KINACHOJIFICHA

Kwanza tuelewane tunahesabu nini. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, kifo cha uzazi ni kifo cha mwanamke akiwa mja mzito, au katika siku 42 baada ya mimba kumalizika kwa njia yoyote ile, kilichosababishwa na mimba hiyo au na ugonjwa uliozidishwa nayo. Ajali ya barabarani haimo. Zitazame vizuri siku hizo 42. Hazipishani sana na ile arobaini ya mzazi ambayo bibi zetu waliilinda kwa uji na maji ya moto bila kusoma kitabu chochote cha Geneva. Walijua kwamba mtu aliyejifungua hajavuka bado.

Basi mtu angedhani kuhesabu vifo hivyo ni kazi nyepesi. Sivyo. Mama aliyefia nyumbani hana faili. Msichana aliyefariki kwa mimba iliyotolewa kwa siri husemwa kwamba alishikwa na tumbo, na jamaa zake hawataki maswali zaidi. Mwingine hufariki kwa malaria katika wodi ya kawaida akiwa na mimba ya miezi minne, na katika kitabu huandikwa malaria, basi. Mwingine tena hujifungua salama, akarudi nyumbani kwa vigelegele, akaanza homa siku ya sita, akafa siku ya kumi. Wodi ya wazazi ilikwisha kumwandika kwamba aliruhusiwa akiwa mzima, na kwa daftari la wodi hiyo mama huyo yu hai hata leo.

Isitoshe, kifo cha uzazi, kwa ukubwa wake wote wa msiba, si jambo la kila siku mahali pamoja. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria kwamba nchini Tanzania walikuwa wakifariki akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Maana yake ni kifo kimoja katika vizazi 180 hivi. Zahanati inayozalisha akina mama 60 kwa mwaka yaweza kukaa miaka mitatu bila kifo hata kimoja, kisha vikatokea viwili katika mwezi mmoja, na huduma yake isiwe imebadilika kwa lolote. Kwa hiyo mradi unaofika wilayani kwa miaka miwili, ukaondoka ukijisifu kwamba umepunguza vifo kwa nusu, aghalabu umehesabu bahati.

Hapo ndipo wataalamu walipokimbilia kwa ndugu wa marehemu. Mwaka 1989 Wendy Graham na wenzake walitangaza njia ya kuwauliza watu wazima habari za dada zao wa tumbo moja: ni wangapi waliofikia umri wa kuzaa, ni wangapi waliokwisha kufariki, na je, walifariki wakiwa waja wazito, wakijifungua, au baada ya kujifungua? Kijiji kimoja kikiulizwa hivyo hutoa habari za wanawake wengi kuliko walioko kijijini. Njia hiyo, baada ya kupanuliwa, ndiyo iliyotumika katika uchunguzi mkubwa wa kitaifa hapa kwetu na katika nchi nyingi za Afrika. Ni njia ya busara, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja hasahauliki. Lakini majibu yake yanahusu miaka mingi iliyotangulia, si mwaka ule wa kuulizwa, na yana nafasi kubwa ya kupotoka juu au chini.

Tuone mfano ulioleta maneno mengi. Makadirio ya 2004-05 yalikuwa vifo 578 kwa vizazi hai 100,000. Ya mwaka 2010 yakawa 454, watu wakafurahi. Ya 2015-16 yakawa 556, watu wakasikitika na kuulizana nani ameharibu kazi. Lakini waliofanya uchunguzi wenyewe waliandika kwamba jibu la kweli la 2010 laweza kuwa popote kati ya 353 na 556, na la 2015-16 popote kati ya 446 na 666. Viwango hivyo viwili vinapandana. Aliyesema wakati ule kwamba vifo vimeongezeka alisema zaidi ya alichojua, na aliyeshangilia mwaka 2010 naye alishangilia mapema.

Kisha ukaja uchunguzi wa 2022 na idadi ya 104. Ni upungufu mkubwa mno, na mwezi Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo na taasisi ya Gates Foundation kwa ajili yake. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambayo hukadiria kwa njia nyingine ili nchi zilinganishwe, yalikuwa yameiandikia Tanzania vifo 238 kwa mwaka 2020. Kwamba akina mama wanaokufa sasa ni wachache kuliko zamani, njia zote mbili zinakubaliana. Ukubwa wa upungufu ndio ambao wenye kupenda nchi yao wataendelea kuupima bila kuona haya, kwa sababu mtu anayeogopa kupima tena hushukiwa kwamba hakuamini kipimo cha kwanza.

MIZANI ILIKUWA YA MTOTO

Kuna kosa la pili, ambalo ni kuhesabu kwa bidii kitu kisichohusika sana. Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine, katika jarida la kitabibu la Lancet, waliuliza swali lililowaudhi wengi: katika huduma inayoitwa ya mama na mtoto, mama yuko wapi? Ukienda kliniki utaona maana ya swali lao. Katika jina mama ametangulia. Lakini mizani iliyotundikwa mlangoni ni ya mtoto, na sehemu kubwa ya taarifa ya mwezi ni chanjo na uzito wa mtoto.

Mwezi Februari 1987 Nairobi ilipokea mkutano mkubwa wa kwanza wa dunia juu ya uzazi salama, ulioitishwa na Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu. Wajumbe walikusudia kupunguza vifo vya uzazi kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Lilikuwa lengo la heshima. Hata hivyo nchi nyingi zilizolikubali hazikuwa na hesabu ya kuaminika ya kuanzia, na asiyejua alikotoka atajuaje kama amefika nusu ya njia? Mwaka 2000 ukaja na kupita, na nusu haikupatikana.

Kwa miaka mingi kilichohesabiwa ni mahudhurio ya kliniki. Hesabu hiyo ni rahisi kuipata, tena inapendeza. Katika ule uchunguzi wa 2015-16, akina mama 98 kati ya 100 nchini Tanzania walikuwa wamehudhuria kliniki walau mara moja, lakini waliojifungulia katika kituo cha tiba walikuwa 63 tu. Sasa, damu inayomwua mzazi humwagika baada ya mtoto kutoka, na hutoka hata kwa yule aliyehudhuria kliniki zote na kuonekana mzima kabisa. Kliniki ina kazi yake kubwa: hugundua upungufu wa damu, hupima shinikizo la damu, hukinga malaria, humlinda mtoto asipate virusi vya UKIMWI. Lakini idadi ya mahudhurio haituambii hata kidogo kama usiku ule wa damu palikuwa na mtu, dawa na taa.

Kwa sababu hiyo mwaka 1997 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa mwongozo uliobadili mtazamo. Badala ya kusubiri kuhesabu maiti, au kuhesabu majengo na vitanda, tuhesabu kazi zinazookoa: je, kituo hiki katika miezi mitatu iliyopita kimetoa kwa sindano dawa za kuua vijidudu, dawa za kukaza mji wa mimba na dawa za kuzuia kifafa cha mimba? Kimeondoa kwa mkono kondo la nyuma lililogoma? Kimesafisha mabaki ya mimba iliyoharibika? Kimemsaidia mtoto atoke kwa kifaa cha kumvuta? Hospitali nayo iulizwe mawili zaidi: imepasua, na imeongeza damu? Kwa kila watu 500,000 vitakiwe vituo vitano vya namna hiyo, na kimoja walau kiwe na uwezo wa kupasua na kuongeza damu. Haya ni maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa rangi mpya ya ukuta.

KIGOMA, MWISHO WA RELI

Mfano bora wa kuhesabu kulikookoa tunao nyumbani, na ni ajabu kwamba wasomaji wengi hawaujui.

Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilikuwa imebanwa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, dawa zilikuwa haba, na kilichokuwa haba Dar es Salaam kilikuwa haba zaidi baada ya kupita katika kila stesheni hadi Kigoma. Mahali kama hapo desturi ilikuwa kusubiri msaada. Lakini katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma kazi ilianza na madaftari ya hospitali yenyewe. Daktari Godfrey Mbaruku, ambaye baadaye aliandika habari za kazi hiyo pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, alirejea kumbukumbu za 1984 hadi 1986. Jambo la kwanza lililodhihirika ni kwamba kumbukumbu zenyewe zilikuwa na mapengo makubwa mno. La pili lilikuwa zito zaidi: vifo vingi vilikuwa na mahali ambapo vingeweza kuzuiwa, na sehemu nyingi za mahali hapo zilikuwa ndani ya uwezo wa watu wa Kigoma wenyewe.

Hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Tathmini nyingi huishia kwa kusema kwamba pesa hazitoshi, na hilo huwa kweli, na kwa kuwa ni kweli kila mtu huenda nyumbani akalala. Kigoma waliuliza swali jingine: kwa hizi hizi tulizonazo, ni lipi lililomwua mama huyu ambalo si lazima limwue wa kesho? Kutokana na swali hilo ilitengenezwa orodha ya mambo 22, ikatekelezwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1991.

Ukiisoma orodha hiyo hutaona ajabu yoyote ya kitaalamu, na kwetu sisi hiyo ndiyo sifa yake. Wafanyakazi wakutane mara kwa mara kujadili vifo na makosa. Vifaa viwe na ratiba ya matengenezo, visingojewe mpaka vife. Mafunzo yatolewe kazini, si semina za mbali. Kuwe na kanuni za kumtibu mgonjwa na kanuni za kumhamisha aliyezidiwa. Damu ipatikane. Maji ya dripu yatengenezwe hapo hapo katika kiwanda kidogo cha hospitali. Maabara iweze kuotesha vijidudu ili dawa itolewe kwa kujua. Malalamiko ya wananchi juu ya walivyohudumiwa yasikilizwe. Fedha zichangwe mahali hapo hapo. Likatazamwa hata jambo la umbali wa nyumba za wafanyakazi muhimu kutoka hospitali. Msomaji aliyewahi kumsubiri daktari aitwe kutoka upande wa pili wa mji saa nane za usiku hatahitaji kuelezwa kwa nini umbali huo ni habari ya uhai.

Matokeo yalifuatwa kwa makini mwaka hata mwaka. Kutoka vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984, hospitali ilifika 186 mwaka 1991. Kwa lugha ya nyumbani, mwanzoni alikuwa akifa mama mmoja katika kila 107, na mwishoni mmoja katika kila 538 hivi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1995 katika jarida la kimataifa la sera za afya.

Tuseme na yale ambayo hesabu hiyo haisemi, maana sifa isiyopimwa nayo ni mali bila daftari. Idadi hiyo ni ya hospitali, si ya mkoa mzima. Mama aliyefia ng'ambo ya Malagarasi bila kuifikia hospitali hakuingia humo. Tena mambo 22 yalifanywa pamoja, hivyo hakuna awezaye kusema kwa hakika ni lipi liliokoa wangapi, damu au dripu au vile vikao. Sisi tunaelekea upande wa vikao, kwa sababu bila vikao hayo mengine yangesahaulika kabla ya msimu wa mvua. Lakini hayo ni maoni yetu.

Mkoa huo huo umetufundisha jambo jingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Wilaya ya Kasulu, ilionekana kwamba kati ya wanawake waliojifungulia katika vituo vya tiba, karibu wanne kati ya kila kumi walikipita kituo cha karibu wakaenda cha mbali. Mwanamke mwenye uchungu hapiti zahanati akazidi kutembea kwa ujinga. Amekwisha kuifanyia tathmini. Amesikia ya jirani yake, amejua ni wapi muuguzi ana lugha nzuri na kabati lina dawa, akaamua. Afisa anayetaka kujua ubora wa zahanati zake angeweza kuacha gari ofisini akatazama miguu ya wanawake inaelekea wapi.

Tathmini nzuri hujibu pia maswali ambayo watu hubishana kwa vyeo. Kwa muda mrefu walikuwapo waliosema kwamba madaktari wasaidizi, ambao nchi yetu iliwafundisha kupasua kwa sababu mabingwa hawakutosha, ni hatari kwa wazazi. Mwaka huo huo wa 2009 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ambao Mbaruku alikuwa mmoja wa waandishi wake. Haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya madaktari wasaidizi na yale ya madaktari kamili.

NANI WA KULAUMIWA?

Kama njia ya Kigoma ilifaa hivyo, mbona si kila wodi huketi kila mwezi ikajadili vifo vyake? Kwenye karatasi wanaketi. Tanzania ina utaratibu wa kufuatilia na kujadili kila kifo cha mzazi na cha mtoto mchanga, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2004 na tena mwaka 2013. Kinachoua vikao hivyo ni hofu.

Fikiri mwenyewe. Muuguzi mmoja yuko zamu ya usiku na wazazi sita, mmoja anatokwa na damu, simu ya gari haijibiwi. Mama anafariki. Kesho yake anafika kiongozi, naye badala ya kuuliza ilikuwaje anauliza ni nani. Muuguzi anasimamishwa kazi mbele ya watu, na picha zinapigwa. Je, mwezi ujao, katika zahanati nyingine thelathini zilizosikia habari hiyo, daftari litaandikwa vipi? Wa karibu kufa watahamishwa haraka wakafie njiani, na partografu, ile karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu, itajazwa alfajiri baada ya mambo kwisha, mistari yote ikiwa imenyooka vizuri. Mzembe wa kweli aadhibiwe kwa utaratibu wake. Lakini kikao cha kutafuta sababu kikigeuzwa mahakama, sababu hukimbia. Uingereza, ambayo imechunguza vifo vyake vya uzazi kwa siri tangu mwaka 1952, iliona hilo mapema: majina ya mama, ya daktari na ya hospitali huondolewa kwanza, ndipo wachunguzi husoma. Afrika Kusini ilianza utaratibu kama huo mwishoni mwa miaka ya 1990.

SHUKA YENYE MISTARI

Pengine kupima huwa ni tiba yenyewe. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndicho kisababishi kikubwa cha vifo vya uzazi duniani, na kwa muda wote huo wakunga wamekuwa wakikisia damu kwa macho. Damu nyingine imenyonywa na kanga, nyingine imo ndooni, nyingine iko chini ya kitanda. Macho hukisia pungufu, na mama hutibiwa akiwa amekwisha kulegea.

Katika jaribio kubwa lililohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambalo matokeo yake yalitangazwa Mei 2023, wazazi walitandikiwa shuka ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kipimo. Damu ikikaribia nusu lita inaonekana kwa mstari, si kwa kubahatisha, na hapo matibabu yote hutolewa kwa pamoja bila kusubiriana: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kusaidia damu kugandana, dripu, na kutafuta inatokea wapi. Katika hospitali zilizoendelea kukisia, ni nusu tu ya waliotokwa na damu nyingi waliogunduliwa. Kwa shuka ile waligunduliwa 93 katika 100. Madhara makubwa, yaani damu ya lita nzima, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo kwa damu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60. Kifaa chenyewe ni plastiki na wino.

NYUMBANI KWAKO

Sasa tufike kwa mume, mama mkwe, shangazi na jirani, kwa kuwa sehemu ya daftari hili iko mikononi mwao.

Kadi ya kliniki si karatasi ya kuwekea vumbi juu ya kabati. Isomwe. Humo mna wingi wa damu, shinikizo, tarehe ya kutazamiwa, na kundi la damu. Mume na amwulize mkewe akirudi: umepimwa damu, au umeambiwa vifaa hakuna? Kama hakuna kwa mara ya pili, hiyo ni habari ya kuipeleka kwa kamati ya zahanati, ambayo wajumbe wake ni wananchi, na iandikwe katika kumbukumbu za kikao. Tarehe ikikaribia, namba ya simu 115 ya mpango wa m-mama, ambao ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya kusafirisha wazazi na watoto wachanga katika dharura, ijulikane na kila mtu mzima wa nyumba, haitozwi malipo. Ikipigwa, itazamwe saa. Muda ule kati ya kupiga na gari kufika ni kipimo ambacho hakuna mtu wa mjini awezaye kukuchukulia.

Baada ya kujifungua, arobaini ilindwe kwa macho mawili zaidi: homa, na damu inayozidi badala ya kupungua. Kichwa kikiuma sana na macho yakiona giza, mzazi arudishwe hospitali usiku huo huo, hata kama alijifungua wiki iliyopita, kwa sababu kifafa cha mimba huweza kuja baada ya mimba kwisha.

Na ikitokea msiba, Mungu apishe mbali, jamaa waseme kweli kwa anayeuliza. Wengi hukasirika mtumishi wa afya akija matangani na karatasi, na ni kweli kwamba wengine huja vibaya. Aje baada ya siku za kwanza, aketi chini, atoe pole, aulize taratibu: uchungu ulianza saa ngapi, ni nani aliyeamua aende hospitali, gari lilichukua muda gani, mlipofika mlipokewa na nani? Maswali hayo yana majibu matangani tu, na mtu akitawanyika nayo hayaandikiki tena.

Ule mwongozo wa 2013 unataka kifo kilichotokea kituoni kiarifiwe katika saa 24, na cha nyumbani katika saa 48. Unataka na jambo jingine ambalo viongozi wetu wa vitongoji na mabalozi wa mashina wangeweza kulianza mwezi huu bila bajeti wala semina. Kila mwezi, hata pasipotokea kifo chochote, mtu mmoja aliyetajwa jina aulize nyumba kwa nyumba kama kuna mwanamke wa umri wa kuzaa aliyefariki, kisha apeleke jibu zahanati. Kama hakuna, asinyamaze. Aandike sifuri, tarehe, na sahihi yake.